Bibi harusi, kabla hujatoka, nyumba ya kwenu ichorwe



Leo hatuna habari ya singo wala ya hina. Tunawaandikia kutoka Buganguzi, wilaya ya Muleba mkoani Kagera, kwenye duka letu la cherehani tatu. Tuna neno moja kwa kila bibi harusi wa mwaka huu na kwa kila mama anayeoza: kabla bibi harusi hajatoka, nyumba anayotoka ichorwe. Ichorwe kwa mkono, kwa penseli au kwa mkaa, vile vile ilivyo, hata ufa wake uonekane. Na aliyeichora alipwe kama fundi mwingine yeyote wa harusi.

Tunajua wapo watakaosema, hawa mafundi wa nguo wameingiaje kwenye michoro? Tuvumilieni kidogo, tuwaeleze.

Mwenzetu mmoja tuliyesoma naye ushonaji aliolewa Unguja. Tulimsindikiza wanawake wanne, basi mpaka Dar es Salaam kisha boti. Siku ya pili baada ya harusi, wenyeji wetu walituzungusha Mji Mkongwe. Sisi watu wa Kagera tumezoea nyumba zilizojificha ndani ya migomba, mlango unauona ukishafika. Kule mlango ndio unaokusimamisha njiani. Ipo yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ipo yenye upinde wa mviringo kwa mtindo wa Kihindi, ipo yenye misumari mikubwa ya shaba, na pembeni umechongwa mnyororo, maua, samaki, na mingine juu ina maandishi ya Qur'ani. Tulisimama kwenye mlango mmoja mpaka mwenye nyumba akatoka kutuuliza kama tumepotea.

Ndipo mwenyeji wetu, mama wa makamo, akatutajia John da Silva. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Goa kule India, aliyeletwa Unguja na wazazi wake akiwa bado mtoto, miaka ya 1940. Alikulia hapo. Mapinduzi ya 1964 yalipokuja na Wagoa wengi wakahama, yeye alibaki. Na maisha yake aliyatoa kwa kazi moja, kuuchora Mji Mkongwe: nyumba zake, vibaraza vyake, roshani zake na milango yake, kwa penseli, kwa wino na kwa rangi za maji. Alizijua nyumba zile na historia zake kiasi kwamba wageni walimtafuta awatembeze mjini na kuwasimulia. Hakuuchora mji wa ndoto. Alichora ule uliokuwepo, na chokaa lake linalobanduka.

Tuliporudi Buganguzi, jambo hili halikututoka. Mtu mzima anaamka miaka na miaka, anakwenda kusimama mbele ya ukuta na kuunakili mstari kwa mstari. Watu wanapita, wengine bila shaka wanamwona hana kazi. Lakini angalieni kilichotokea. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, dunia nzima ikaambiwa kwamba ni mali. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, lile Jumba la Maajabu lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, iliporomoka na watu wakafa. Jumba lililoheshimiwa na mataifa lilianguka mchana. Sasa nyumba ya mama yako, isiyokuwa kwenye orodha yoyote, nani ameiandikia hati kwamba itadumu?

Sisi wa Kagera jambo hili tunalijua kwa machungu. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi kubwa, ardhi ilitetemeka alasiri. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, likaua watu zaidi ya 15 na kubomoa maelfu ya nyumba. Shangazi yetu alikuwa na nyumba Hamugembe, Bukoba mjini. Haikuanguka siku ile. Ilipasuka kutoka msingi mpaka kwenye bati, wakaguzi wakasema isikaliwe, na baadaye ikabomolewa kwa usalama. Katika nyumba ile waliozwa mabinti watano wa ukoo wetu. Kwenye sebule yake ndipo tulipopakwa hina, na kwenye uwani wake ndipo pilau ilipopikwa. Picha zake zilikuwepo, kwenye simu ya binamu yetu. Simu ikaanguka kwenye ndoo ya maji. Basi.

Kwa hiyo mwaka jana shangazi alipokuwa anaoza mjukuu wake, alitwambia kwa huzuni: "Huyu ndiye wa kwanza ambaye hakutokea nyumbani." Tukaona tumtafutie zawadi. Hapa jirani kuna kijana anayeandika vibao vya maduka, na akiwa hana kazi anachora kwa penseli na kwa mkaa. Anachora jembe, mkungu wa ndizi, baiskeli yenye gunia la kahawa, na ukitazama unataka kushika. Alianza tangu shule ya msingi, kwenye kurasa za nyuma za daftari, na akachapwa kwa ajili hiyo. Mama yake anamwambia kila siku aache kuchezea mkaa, achukue bodaboda. Tukampeleka kwa shangazi.

Walikaa nje kwenye mkeka, na sisi pamoja nao, siku tatu. Kijana aliuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza shangazi. Dirisha lilikuwa juu ya bega lako au chini? Mlango ulifungukia ndani au nje? Jua la asubuhi lilipiga wapi? Shangazi akifumba macho anajibu, kijana anachora, anamwonyesha, shangazi anakataa: "Hapana mwanangu, baraza lilikuwa pana zaidi, tulikaa wanawake sita." Anafuta, anarudia. Siku ya tatu akauliza: "Kizingitini palikuwa na nini?" Shangazi akanyamaza, kisha akasema palikuwa na birika la kutawadhia, la bati, limebonyea ubavuni, la marehemu mume wake. Halikuwa limetajwa na mtu miaka yote ile. Kijana akalichora, na ubonyevu wake. Shangazi akajifunika kanga usoni.

Mchoro upo, umetundikwa nyumbani kwa yule mjukuu. Lakini kijana mwenyewe alitwambia maneno ambayo ndiyo yametufanya tuandike leo. Alisema: "Hii nimekisia. Paa sina hakika nalo. Mngeniita nyumba ikiwa imesimama." Hakutaka tuseme ni nyumba ile hasa. Alitaka tuseme ni nyumba kama alivyoikumbuka shangazi. Sisi tulitaka kumsifu, yeye akakataa sifa isiyokuwa yake.

Hapo tukaelewa tofauti ya mtu anayechora uhalisia na mtu anayepamba. Katika kazi yetu tunaambiwa pima mara mbili ukate mara moja. Fundi akikisia kiuno, gauni litamwumbua bibi harusi mbele ya watu. Mchoraji wa uhalisia naye ni mtu wa vipimo. Anaweka miraba myepesi kwenye karatasi, au ananyoosha mkono ameshika penseli akipima urefu wa mlango dhidi ya upana wake, kama sisi tunavyonyoosha futi. Kisha anatafuta kivuli. Tulidhani anachora mistari, kumbe sehemu kubwa ya kazi ni kujua wapi giza linaanzia na linaishia vipi. Penseli zenyewe zina ngazi: zenye herufi H ni ngumu na huacha alama nyepesi, zenye B ni laini na nyeusi, na namba ikizidi weusi unazidi. Ule unaoitwa risasi ya penseli si risasi hata kidogo, ni madini ya grafiti, ambayo hata sisi Watanzania tunayo ardhini kule Mahenge. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata haki ya kuyachanganya na udongo na kuyachoma, ndiyo maana leo penseli zinatofautiana ugumu. Mkaa nao ni kijiti kilichochomwa kikanyimwa hewa. Ni vitu vya bei ndogo. Ghali ni ile miaka ya mkono na jicho, na miaka hiyo haiuzwi dukani.

Tuje kwenye dini, maana tunajua swali lipo midomoni mwenu. Kuchora viumbe vyenye roho kuna makatazo mazito katika hadithi, na wanazuoni wamezungumza sana juu ya picha za mkono na picha za kamera. Sisi ni mafundi wa nguo, hatutoi fatwa, kila mmoja amwulize mwalimu wake. Lakini lipo jambo ambalo limepokewa katika Bukhari na Muslim na ambalo linatugusa sisi watu wa kazi za mikono. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas, Allah amridhie, akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake, anatengeneza picha. Ibn Abbas alimfikishia onyo alilolisikia kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na yule mtu akafadhaika sana. Kisha akamwelekeza: ikiwa huna budi, basi chora miti na kila kisichokuwa na roho.

Tunapenda sana namna alivyojibiwa. Hakuambiwa ukaombe. Alionyeshwa mlango uliokuwa wazi, na mlango huo ni mpana: miti, nyumba, bahari, chombo kwenye mchanga, kanga iliyoanikwa, birika la bati. Hivi mmewaza kwamba kazi ya maisha ya John da Silva, ile ya milango na kuta za Mji Mkongwe, imeingia hapo bila shida? Leo bibi harusi anayetaka kumbukumbu anadhani ni lazima iwe sura yake, tena ipunguzwe pua na ing'arishwe rangi. Tumewahi kumwona bibi harusi akimrudishia mchoraji kazi nzuri kabisa kwa sababu amechorwa na weusi wake, na hela hakulipa. Huko ndiko tunakopata dhambi mbili kwa mkupuo, ya kutaka uongo na ya kula jasho la mtu. Nyumba ya kwenu haina haja ya kung'arishwa. Na ukiitundika, hutakuwa na wasiwasi siku ya kuswali chumbani.

Mtasema, simu si ipo? Ipo, na piga picha, hatukatazi. Lakini tuambizane ukweli. Picha ya simu unaipiga kwa sekunde moja, zipo elfu tatu, huzitazami, na siku simu ikiibiwa zinakwenda zote. Mchoro unamlazimu mtu kuitazama nyumba yenu siku nzima, na unawalazimu ninyi kukaa naye na kusimulia. Sisi tulimjua shangazi yetu miaka thelathini, na habari ya lile birika tuliisikia kwa ajili ya mchoro. Tena grafiti na mkaa havipaukii juani kama picha ya rangi iliyosafishwa studio. Adui zake ni kuguswaguswa na unyevu. Ukivilinda na hivyo viwili, wajukuu watavikuta.

Mtasema pia, hela hakuna, harusi imemaliza kila kitu. Hapa ndipo tunasema neno linalotuumiza sisi wenyewe. Gauni la harusi tunalishona sisi, na tunajua linakula nini. Mkia wa gauni peke yake unaweza kumeza mita nne za satini na leso, ukavaliwa saa tano, ukaburuzwa vumbini na kukunjwa kabatini milele. Kata mkia huo. Tunapoteza sisi, lakini kata. Hela ya mita zile na ushonaji wake, huku kwetu, inamtosha mchoraji kukaa barazani kwenu siku mbili na kuweka fremu ya kioo. Bibi harusi wawili tayari tumewashauri hivyo, mmoja akakubali, mwingine akaenda kushona kwa jirani. Riziki ni ya Allah.

Na tunalisema hili kwa sababu ya yule kijana pia, na wenzake walioko Muleba, Pemba, Tanga na kila mahali. Mtu hawezi kuitumikia kazi maisha yake yote kwa kusifiwa tu. Tunapenda kusema mashaallah una kipaji, kisha tunaomba tuchorewe bure kwa sababu ni mtoto wa jirani. Mkate wa jirani mbona tunaununua? Akiacha mkaa akapanda bodaboda, hatutamlaumu. Lakini ile misonge ya nyasi ya wazee wetu wa Kihaya, iliyobaki ya kuhesabu, itaanguka bila mtu aliyekaa mbele yake na penseli, na tutabaki tunakisia paa kama tulivyokisia la shangazi.

Kwa anayetaka kufanya, haya ndiyo tuliyojifunza. Mwite mchoraji mapema, angalau mwezi kabla ya harusi, kabla hamjapaka rangi na kufunga mapambo, maana unataka nyumba ya siku zote. Kama ni mwanamume, akae nje na kaka au baba awepo, na chora ya nje inatosha kabisa. Kubalianeni bei na mlipe nusu kabla hajaanza. Usimwambie afiche ufa, wala asiongeze maua yasiyokuwepo. Mama na bibi wakae naye wamweleze kilichokuwa wapi. Mwambie aandike nyuma tarehe, mahali na jina lake. Ikiwa ni mkaa, aupulizie dawa ya kushika, wengi hutumia dawa ya nywele ya kupuliza, kisha ufunikwe kwa kioo kisichogusa karatasi. Ninyi wa visiwani, kwa ile hewa ya bahari, msiugandamize na ukuta. Wekeni vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu upate kupumua.

Na kama tayari umeolewa na mama bado yu hai na nyumba imesimama, usisubiri harusi ya mdogo wako.

Mwezi ujao tunaoza hapa Buganguzi, binti wa mmoja wetu. Gauni tumelishona halina mkia. Kijana ameshakuja mara mbili, ameketi chini ya mgomba na ubao wake magotini, na bibi yake bibi harusi ameshamgombeza kwamba ameisahau kamba ya kuanikia nguo. Ameichora.

Allah azibariki ndoa zenu na nyumba mlizotoka. Wabillahi tawfiq.